Maembe mabichi mawili

Bahasha ilinifikia Jumatatu alasiri, mkononi mwa kijana wa mashua aliyetoka kuvusha abiria wa ndege kutoka Manda. Ndani nilikuta chupa mbili nyembamba kama kidole cha mtoto, kila moja ina mililita 2 tu, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Binti wa kaka yangu, anayesoma Ufaransa, aliandika hivi: "Shangazi, nakuja Idi. Pesa zangu zatosha chupa kubwa moja, si mbili. Haya yote mawili ni manukato ya joto, na yote yana embe bichi ndani yake. Yajaribu, kisha niambie nikuletee lipi. Tafadhali usinijibu haraka."

Sikumjibu haraka. Zilipita siku 19.

Nieleze kwanza nanusa kwa pua gani, maana pua ya mtu ni kazi yake. Mimi napika udi. Nimepika miaka 22 katika nyumba hii ya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, na kabla yangu alipika mama. Sukari yachemshwa na marashi ya mawaridi mpaka ivute uzi, kisha zaingia vipande vya udi, sandali ya kusaga, miski, zafarani kidogo na mafuta mazuri. Wakoroga bila kuondoka, wapakua, waanika, wavunja. Kila mpishi ana kipimo chake na changu sikitaji. Wateja wangu wengi ni wenye harusi, na miezi hii kabla ya Ramadhani ndiyo miezi yao. Kwa hiyo manukato ya chupa kwangu si kitu cha kila siku. Huyanusa kama fundi wa majahazi anavyoitazama boti ya faiba: naheshimu kazi iliyomo, na macho yangu yatafuta viungo vilipoungana.

Ya kwanza ilikuwa na jina la Hermès, nyumba ya Paris, Un Jardin sur le Nil, yaani bustani juu ya mto Nile. Ilitoka mwaka 2005. Aliyeitunga ni Jean-Claude Ellena, mtu wa Grasse, mji ule wa Ufaransa ambao watu wake wameishi kwa kazi ya manukato tangu zamani. Alikwenda Aswan, Misri ya kusini, kutafuta harufu ya kurudi nayo, na alichokipata ni maembe mabichi yaliyokuwa yakining'inia mitini kwenye visiwa vya mto ule. Ya pili ni Timbuktu ya nyumba ya L'Artisan Parfumeur ya Paris, iliyotoka mwaka mmoja kabla, 2004. Mtungaji wake ni Bertrand Duchaufour, naye aliichukua fikra yake Mali, katika mafukizo ambayo wanawake wa huko huyaita wusulan.

Niliposoma majina yale nilikuwa na shaka. Nimeona chupa nyingi zenye ngamia na machweo ya jua juu ya boksi, na ndani yake ni vanila na sukari ya pamba. Mtu akitia jina la mji wa Waafrika kwenye manukato, namtaka awe ameingia nyumba za mji ule akauliza watu wananukia nini. Shaka hiyo nakiri niliibeba kwa siku kadhaa za mwanzo, na upande wa Timbuktu ndio nilioudhulumu.

Asiyekaa Lamu mwezi wa Februari ni vigumu kumweleza kaskazi. Upepo wapo lakini hauburudishi. Waleta vumbi la chumvi. Kuta za mawe zameza jua mchana kutwa na kulitoa usiku, wakati wataka kulala. Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba hivi kwamba harufu haina pa kwendea. Hapo hapo wapita punda, mtaro, samaki wa kukaanga, mikoko ya ng'ambo maji yakikupwa, na baada ya magharibi udi wa kila nyumba. Mtu ajitie nini juu ya hayo yote?

Harufu ni kitu kirukacho. Ngozi ikipata moto hupanda upesi. Nyepesi kama za ndimu na balungi hutangulia, na nzito kama ubani, miski na mizizi hubaki nyuma. Manukato mazito ya nchi za baridi, ukiyatia hapa mwezi huu, hutoka yote kwa pamoja kama watoto wa chuoni wakifunguliwa, na hapo kichwa chauma. Ndiyo sababu wazee wetu mchana walikaa na vitu vya baridi: liwa iliyosuguliwa kwenye jiwe la msio, asumini mbichi, kikuba cha mrehani na mkadi kilichofungwa kwenye leso. Moshi waliungoja jua litue. Huo ni utaratibu uliopimwa na vizazi, na mimi sijaona sababu ya kuuvunja. Nilichotaka kujua ni kama chupa moja kati ya hizi mbili yaweza kukaa ndani yake bila kugombana na wenzake.

Nilianza na Nile, saa nne asubuhi, nimetoka kuoga, nimejipaka mafuta ya nazi kidogo mkononi ili harufu ipate pa kushika.

Wallahi, nilikaa chini.

Babu yangu alikuwa na shamba Mokowe, ng'ambo ya pili, na likizo zetu za utotoni zilikuwa huko. Embe bichi lina harufu mbili. Moja ni ya nyama yake, ile kali ya kufanya mate yatoke kabla hujauma, ambayo kila mtu aijua kwa chumvi na pilipili. Nyingine haidumu dakika tano: ni ile inayotoka kwenye kikonyo wakati wa kulitungua, utomvu ukichuruzika, kitu kati ya msonobari, karoti na majani yaliyopondwa. Utomvu ule huunguza midomo, na mama alikuwa akitukanya kila siku. Harufu ile ya kikonyo ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu saa nne asubuhi, miaka 35 baadaye.

Na jambo la kustaajabisha ni kwamba mle ndani hamna embe. Ngozi ya chungwa au ya balungi waikamua ukapata mafuta yake, lakini nyama ya embe haitoi mafuta ya kutilia manukato. Mtungaji yampasa aijenge harufu kwa vitu vingine, kama mchoraji asiye na rangi ya kijani anavyochanganya buluu na manjano. Nilitia pua tena na tena nikitafuta kiungo. Balungi lile pale, na uchungu wake. Kuna kitu cha karoti mbichi. Kuna maji, na juu ya maji yungiyungi, na mbali sana mti mkavu ambao wenyewe wanautaja kuwa ni mkuyu. Lakini ukiyaweka pamoja na ukavuta pumzi bila kupekua, ni embe kwenye mti. Kazi ile niliivulia kofia, kama mwanamke angekuwa na kofia ya kuvua.

Kufika adhuhuri embe lilikuwa limeondoka. Lilibaki kitu safi, cha maji maji, kama nguo iliyofuliwa ikaanikwa kivulini. Alasiri nilinusa mafuta ya nazi peke yake. Siku ya pili nilitia kwenye upindo wa leso ya pamba badala ya ngozi, nikapata saa mbili zaidi. Kwa wanaouliza, hilo ndilo pendekezo langu kwa manukato yoyote mepesi katika joto letu: tia kwenye nguo, na iwe pamba, na iwe nguo isiyofukizwa.

Hilo la mwisho nililijua kwa kulipia. Siku ya tano palikuwa na kupamba bibi harusi, nyumba ya jirani, upande wa Langoni. Nguo yangu nilikuwa nimeifukiza tangu magharibi kwa udi wangu mwenyewe, ule mzuri, niliomwekea mwenye harusi. Nikasema nimalizie na Nile juu yake, shingoni na kifuani. Nilipopanda ngazi ya nyumba ile nilihisi kitu hakiko sawa. Sukari na miski ya udi ilikutana na balungi na ule ukijani, ikawa uchachu wa kitu kilichosahauliwa ndani ya chupa. Somo yangu aliinama kunisalimia, akarudi nyuma kidogo, akanong'ona, "Leo umeshika achari?" Niliona haya. Mpishi wa udi, katika usiku wa udi, mbele ya wanawake wanaomnunulia! Nilikaa karibu na dirisha usiku kucha.

Sitaki kusema ni kosa la manukato. Nile haikutungwa kwa nyumba yenye chetezo kila chumba. Yataka mwili mtupu uliooshwa, hewa, na mtu asiyetia kitu kingine. Lakini mimi si mtu huyo. Hakuna siku sina moshi nyweleni.

Timbuktu nilikuwa nimeijaribu siku ya tatu na kuiweka kando. Hapa ndipo nilipomdhulumu mwenye kazi. Nilitia tone moja, nikanusa mara moja, nikaona mkeka mkavu, vumbi, moshi wa mbali, na jasho. Ndiyo, jasho, au kitu kinachofanana nalo, kile cha ngozi iliyotembea juani ikakauka. Embe lake niliona limejificha nyuma ya iliki na pilipili, limepita kama mtu anayechungulia mlangoni. Nikasema: kama embe ndilo shindano, limekwisha.

Baada ya aibu ya Langoni niliirudia, kwa sababu nilianza kufikiri juu ya lile neno, wusulan. Mpwa wangu alikuwa amenitumia maelezo kwa simu. Wanawake wa Mali huchukua mbao, mizizi, punje za gundi na ubani, wakaviloweka katika mafuta ya manukato, wakaviacha ndani ya chombo vinywe. Jioni hutia kidogo kwenye makaa ndani ya chetezo cha udongo, wakafukiza nyumba, nguo na miili yao. Kila mwanamke ana mchanganyiko wake, na hautaji kwa mtu.

Nilisoma maneno yale nimesimama jikoni, sufuria ya sukari iko mbele yangu. Hao ni wenzangu. Bara zima liko kati yetu, kusini kwa Sahara wao na pwani ya mashariki sisi, na saa ileile ya jioni twafanya kitu kilekile. Nimepika miaka 22 nikidhani kazi hii imetoka Uarabuni na Bara Hindi ikaishia kwetu. Kumbe kuna mwanamke Mali anayefunika kifuniko cha mtungi wake kama mimi ninavyofunika wangu.

Basi nikampa Timbuktu haki yake. Nilitia saa nane mchana, saa mbaya kuliko zote, wakati hata paka wa Lamu wamelala kwenye vizingiti. Sikunusa mara moja. Nilingoja robo saa. Embe na iliki zilipita, na iliki ile ni nzuri, ya kusagwa papo hapo, si ya unga wa dukani. Ndipo ikaja ubani na manemane, lakini bila makaa. Chini yake palikuwa na mafunjo, makavu, na mizizi ya vetiva, ile nyasi ambayo Wahindi hufuma pazia zake na kuzirushia maji wakati wa joto ili upepo uingie umepoa. Yote hayo yalikaa juu ya ngozi kimya. Joto lilipozidi, harufu haikupanda kunikaba. Ilizidi kukauka, kama mkeka unavyonukia ukianikwa.

Nilikwenda alasiri, bado ipo. Magharibi, ipo, karibu na ngozi, ya kumfikia mtu aliye karibu yangu na si aliye kichochoroni.

Nilipoifikiria nikaelewa kinachonisumbua katika udi wangu mwenyewe kila kaskazi na ambacho sikuwahi kukipa jina. Ni sukari. Sukari ndiyo inayoshika vipande na kuvifanya viungue polepole, na katika kusi, hewa ikiwa ya mvua na baridi kidogo, utamu ule ni blanketi. Mwezi wa Februari ni blanketi pia, na nani ataka blanketi? Timbuktu ni moshi uliotolewa sukari.

Harusi ya pili ilikuwa siku ya kumi na mbili. Nilifukiza nguo kama kawaida, nikatia Timbuktu nyuma ya masikio na kwenye viganja. Mwanzoni haikujitenga, iliingia ndani ya udi kama mto unavyoingia baharini, na nilifikiri basi haina faida, nimetia kitu kisichoonekana. Lakini kufika saa sita usiku, chumba kimejaa, wanawake wamecheza, vikuba vimenyauka, udi wa kila mtu umelala juu ya jasho na kugeuka utamu mzito, ule wangu ulikuwa umesimama. Somo yangu, yuleyule, aliuvuta mkono wangu akaunusa. "Udi gani huu usio na sukari?" Hakuna aliyemwambia neno juu ya sukari. Alilinusa mwenyewe.

Kuna mambo mawili yaliyo mazito kuliko embe na moshi, na wasomaji wangu wa kike wataniuliza, kwa hiyo niyaseme.

La kwanza ni kutoka nje. Nimelelewa kwamba mwanamke hapiti njiani akiacha harufu nyuma yake, na nimewalea wanangu hivyo. Manukato yetu ni ya ndani: ya mume, ya nyumba, ya wanawake wenzetu. Kwa kipimo hicho Nile yanitia wasiwasi kuliko Timbuktu, maana ile saa yake ya kwanza ina sauti, watu wageuka. Timbuktu ikishatulia haivuki kizingiti.

La pili ni spiriti. Manukato ya chupa ya Wazungu yametengenezwa kwa spiriti, na wanachuoni wamehitilafiana juu ya kuswali nayo. Mimi nimefuata ninaowaamini, waliosema si kilevi cha kunywa na si najisi. Mama amefuata anaowaamini yeye, na katika miaka yake 81 hajatia tone la chupa mwilini. Sijadiliani naye na wala sitamani abadilike.

Lakini kunusa hakukatazi. Siku ya kumi na nne nilitia matone mawili ya Nile kwenye hankachifi, nikaianika dirishani mpaka spiriti yote iruke, nikampelekea. Alikuwa amekaa kiwandani, yaani uani, kwenye kivuli cha ukuta wa mashariki, akichambua mchele.

"Ndoo," akaniambia, yaani njoo, "niletee karibu."

Aliishika kwa vidole viwili. Akanusa. Akanyamaza kitambo, mkono mmoja ungali ndani ya mchele.

"Embe hili limetunguliwa lini?"

Nikamwambia, "Mama, si embe. Ni manukato."

"Nimekuuliza limetunguliwa lini. Hili halijalala. Hili ni la asubuhi."

Kisha akaanza kunieleza mwembe wa kisimani shambani kwa babu, ambao mimi siukumbuki kwa sababu ulianguka kabla sijazaliwa, na jinsi baba yake alivyokuwa akipanda juu kabla ya jua kuchomoza ili utomvu usiwe mkali. Hajawahi kunihadithia habari hiyo. Alinieleza mpaka adhana, na mchele ukabaki haujachambuliwa.

Sasa waweza kusema jibu limepatikana. Manukato yanayomfanya mzee wa miaka 81 apande mti uliokwisha kuanguka, wataka nini zaidi? Nami usiku ule nilikaribia kumwandikia mpwa wangu alete Nile. Nilikuwa nimeshika simu.

Kilichonizuia ni embe lenyewe. Asubuhi yake nilipita sokoni mbele ya Ngome kununua samaki, na huu ni msimu, maembe yamerundikwa chini, mabichi na mabivu, dodo, ngowe na boribo. Nililichukua moja bichi, nikalivunja kikonyo, na ikatoka ileile. Ile ile! Kwa shilingi chache. Nilimnunulia mama manne. Nile ni picha nzuri kuliko picha zote za embe nilizowahi kuziona, na mtu anayekaa Paris mwezi wa Februari ni haki yake kuwa nayo ukutani. Mimi nakaa chini ya mti.

Moshi mkavu usiohitaji makaa, saa nane mchana, siku ambayo kusimama juu ya chetezo ni adhabu, huo sina pa kuununua Lamu. Wala sina pa kujifunzia. Na hiyo ndiyo sababu yangu ya pili, ambayo ni ya kazi. Nataka chupa nzima ya Timbuktu kama mwanafunzi anavyotaka kitabu. Siku ya kumi na sita nilipika sufuria ndogo ya majaribio: sukari nusu ya kipimo changu, iliki ya kusaga, ubani na manemane vikizidi miski. Haikushika vizuri. Vipande vilimumunyuka vikawa kama chenga, na kwenye makaa viliungua haraka, na iliki ikageuka kuwa ya kuungua badala ya ya kunukia. Siku ya kumi na nane nilipika tena, nikatoa iliki kabisa, nikaongeza gundi ya ubani ishikilie mahali pa sukari. Hiyo imeshika. Moshi wake ni mwembamba, wapanda moja kwa moja. Somo yangu nimempa vipande vitano avitie kwake bila kumwambia ni nini.

Nikajibu: "Binti yangu, niletee Timbuktu. Ifungie kwenye nguo zako katikati ya begi, isipigwe na joto njiani." Akaniuliza nitaiweka wapi, kwa kuwa amesoma kwamba joto na mwanga huharibu manukato. Nikamwambia nyumba hii ilijengwa na watu waliolijua joto kabla yake. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani hazijawahi kuona jua, ukuta wake unene wake ni mkono mzima, na jiwe lile ukiliwekea kiganja mchana wa kaskazi laburudisha. Kidaka cha tatu kutoka mlangoni nimeshakitoa vikombe.

Chupa ndogo ya Nile imebakiwa na tone chini, kiasi cha kulowesha kitambaa mara tatu, labda nne. Msimu wa maembe waisha na masika. Nimeifunga kizibo kwa nta na kuiweka kidakani humo humo, kwa ajili ya mama, mwezi wa Julai.